Damu ya Kuazima

Bi Mejumaa alizikwa Gazi siku ya Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, nami nilifika wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini wakijipangusa mchanga viganjani. Mwanawe Kassim alikuwa mbele yao. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya kumwona uso, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulibaki mfupi tangu mwaka ule, na mtu akichechemea tangu ujana hachechemei kama wengine. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi. Aliponiona alisimama ghafla, na wale waliokuwa nyuma yake wakasimama pia bila kujua wanasimamia nini. Kisha akaja akanisalimia vizuri, akaniita dada Tumu, nikampa pole. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu, pale mshipa unapopita kwenye kiwiko, na alipogundua kwamba nimeona aliyaondoa haraka. Nikaingia ndani kwa wanawake. Chumba kilikuwa na joto la watu na harufu ya udi, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, sinia za wali na maharagwe zinapita juu ya vichwa. Niliketi karibu na mlango. Nyuma yangu bibi mmoja alimwambia mwenzake, kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri wanaodhani wananong'ona, "Ndiye huyu. Ndiye aliyekuwa nayo." Mwenzake akauliza, "Nayo nini?" Akajibiwa, "Roho ya Kassim." Mkono wangu ulikuwa umeshika tonge. Nililirudisha kwenye sinia taratibu.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nikifanya kazi ya londri katika hoteli moja ya Diani. Chumba changu kilikuwa chumba cha mashuka: hakina dirisha, rafu nyeupe kutoka sakafuni hadi darini, mvuke wa pasi kutwa nzima, na ukiufunga mlango hata bahari huisikii. Kitu kimoja tu kilikuwa kikinifikia mle ndani. Kabla ya mvua za masika hoteli ilileta mafundi kubadilisha makuti ya ukumbi wa chakula, na paa la ukumbi lilishuka mpaka juu ya chumba changu, kwa hiyo kwa wiki kadhaa nilisikia watu nisiowaona wakizungumza juu ya kichwa changu. Nilizijua sauti zao kama mtu anavyowajua watangazaji wa redio. Mmoja alipenda kusimulia habari za wake za watu. Mwingine, kijana, aliongea kidogo, akiomba fito, akiomba kamba, akicheka peke yake mwenzake akikosea kufunga. Sauti hiyo niliizoea. Asubuhi moja niliisikia ikisema, "Shika hapo nipite," halafu pakawa kimya, kimya kirefu kuliko kinavyotakiwa, ndipo nikasikia kishindo nje ya ukuta, upande ambako boriti zilikuwa zimelundikwa.

Nilitoka na mashuka niliyokuwa nayo mikononi. Sikuyachukua kwa kufikiri. Nilikuwa nayakunja tu. Kijana alikuwa amelala ubavu juu ya zile boriti na moja ilikuwa imemwingia juu ya paja, karibu na nyonga. Charo, dereva wa hoteli, alikwisha kuleta pikapu. Yeye na askari wa hoteli wakampandisha nyuma, askari akakaa mbele, nami nikapanda na mgonjwa, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na mashuka, nikakandamiza pale palipokuwa panatoka. Mimi niliyafua mashuka ya hoteli. Madoa ya damu nilikuwa nikiyaona. Damu huanza kukauka pembeni, inakuwa nzito, inashika kitambaa. Hii haikushika. Ilipita kwenye shuka la kwanza na la pili, nyepesi kama maji ya rozela, ikanipita vidoleni, ikateleza kwenye bati la gari kila Charo alipokata kona. Kijana alifumbua macho akaniangalia kwa utulivu kabisa. "Dada," aliniuliza, kwa sauti ile ile ya juu ya paa, "mvua inanyesha?" Jua lilikuwa linawaka. Nilimwambia ndiyo, inanyesha kidogo. Akasema, "Basi wafunike makuti," akafumba tena.

Tulimpeleka hospitali ndogo iliyokuwa njia ya kwenda Msambweni, ambayo siku hizi haipo tena. Mahali pale wanauza saruji. Daktari aliyetupokea aliitwa Mueni, mwanamke mwembamba aliyetoka Machakos, mwenye Kiswahili cha bara na mikono isiyotulia. Alimwangalia mgonjwa, akaangalia mahali muuguzi alipomchoma sindano ya dripu, ambapo pia palikuwa panachuruzika ingawa ni tundu dogo tu, uso wake ukabadilika. Alichota damu kidogo akaitia kwenye chupa nyembamba ya kioo, akageuka akaniona mimi pekee ndimi nisiye na kazi. "Shika hii kwa kiganja, ipate joto lako. Usitikise. Nitakuambia." Basi nikasimama pembeni nimeifumba ile chupa mkononi kama mtu aliyekamata ndege, huku wao wakifunga bandeji na kuita vipimo. Ilikuwa vuguvugu. Sijui nilisimama muda gani. Aliporudi aliichukua akaiinamisha, na damu ikakimbia upande mmoja wa kioo, akaiinamisha tena ikakimbia upande wa pili, bila kuacha hata uzi. "Haigandi," alisema, si kwangu, si kwa mtu yeyote.

Niliyasikia mabishano yao kwa sababu kati yetu kulikuwa na pazia tu. Mwenzake, daktari wa upasuaji, mzee mwenye sauti ya upole, alitaka waongeze dripu na wangojee plazima, yale maji ya damu yanayosaidia kuganda, kutoka Mombasa. Ilikuwa njiani, alisema, gari liko Likoni linangoja feri. Daktari Mueni akasema, "Hiyo maji tunamwosha nayo tu, daktari. Mtu akiumia hivi, vile vitu vya kugandisha damu vinaisha mapema sana, na kila chupa ya maji inapunguza vile vimebaki. Lazima arudishiwe sasa, hata kabla hujampasua. Sio mwisho." Yule mzee akauliza, "Arudishiwe na nini? Kwenye friji iko pakiti moja, tena ya zamani. Hiyo itambebea hewa, haitamgandishia kitu." Kisha Daktari Mueni akasema, "Na ya mtu? Ikitoka sasa hivi, ikiwa bado moto, inakuja na kila kitu." Mzee akashusha pumzi. "Plazima ikifika..." akaanza. "Ikifika itamkuta ni maiti," alisema yule mwanamke, na pazia likafunguliwa.

Walitupima wote tuliokuja, mimi, Charo na askari wa hoteli, kwa tone la kidole na vipimo vya haraka vya magonjwa, na damu yangu ikawa ya kwanza kukubaliana na yake. Wakanilaza kitanda cha pili. Kati yetu lile pazia la kijani. Sikuwa nimewahi kutoa damu, nikaona ajabu jinsi mpira unavyokuwa na joto ukikugusa mkono, joto ambalo ni lako. Chini ya kitanda chake walikuwa wameweka beseni la bati, na kitu nilichosikia zaidi ya sauti za watu ni matone yakianguka humo. Nilijaribu kusoma dua, maneno yakanipotea. Nikabaki nasema moyoni, bila kufungua kinywa, neno lile lile la daktari: ganda. Ganda. Tafadhali, ganda. Mfuko ulipojaa waliuchukua moja kwa moja, hata haukupoa, wakautundika upande wa pili. Nikaendelea kusikiliza beseni. Matone yakaanza kuachana. Tone, kisha kimya, kisha tone. Halafu kimya ambacho nilikingoja kiishe na hakikuisha, nikajua amekufa, nikaanza kulia kwa mtu nisiyemjua jina. Muuguzi akachungulia. "Unalia nini? Imeanza kushika." Charo akafuata, kisha askari, wakampeleka kumpasua, na ile plazima ilipofika alasiri ilimkuta yu hai, nayo ikamalizia kazi. Huo ndio ukweli wake wote. Watu watatu na gari la Mombasa. Lakini yangu ilikuwa ya kwanza.

Mama yake alifika kabla ya magharibi, mwanamke mfupi wa Gazi aliyevaa buibui la zamani, miguu bado ina tope la mikoko. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi nimepewa chai ya maziwa na mkate. Daktari Mueni alikuja akachuchumaa mbele yake, amechoka, akamweleza kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza. Alisema damu ya Kassim ilikuwa imeishiwa nguvu ya kuganda. "Kwa hivyo tukaazima nguvu kwa huyu dada hapa," akasema, akinionyesha kwa kidevu, "mpaka yake irudi." Alisema vile kama mtu anavyosema neno lolote. Mimi nilimwona Bi Mejumaa akilipokea neno lile. Aligeuka akaniangalia, kuanzia kichwani mpaka kwenye kipande cha pamba mkononi, akauliza polepole, "Mmeazima?" Daktari akasema ndiyo. "Na mwenyewe akija kuidai?" Daktari akacheka kidogo, akamgusa bega, akaondoka kwenda kumwona mgonjwa mwingine. Bi Mejumaa hakucheka. Nilimwamkia, shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu, kisha akauchukua mkate wangu, akauchovya kwenye chai, akanilisha kwa mkono wake mpaka ukaisha.

Nilikuwa nimepanga chumba Bongwe, kwenye nyumba ya Bi Nuru, mjane mwenye ulimi mkali anayeuza viazi karai barazani. Bi Mejumaa aliijua nyumba bila mimi kumwelekeza. Alianza kuja na chakula: maini ya kukaanga, kisamvu cha nazi, mchunga mchungu alioutwanga mwenyewe, tende, samaki aliyetoka Gazi asubuhi hiyo. Mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa mpangaji wa peke yangu, nani asiyependa kuletewa chakula? Lakini hakuwa anakula nami. Aliketi kwenye kigoda kinyume changu akaniangalia tonge kwa tonge, na nikiacha kitu alisema, "Malizia mwanangu, usimpunguzie." Aliniuliza nimelalaje, nimeota nini, siku zangu zimekuja lini na zilikuwa nyingi kiasi gani. Nikikata kitunguu alinipokonya kisu. Siku moja nilijikwaruza kwenye msumari wa mlango, tone moja tu, akakaa chini pale pale sakafuni akashika kichwa, akanong'ona, "Atakuwa amelihisi. Masikini mwanangu, atakuwa amelihisi." Alipoondoka nilibaki nimejikamata kidole kwa nguvu mpaka kikawa cheupe, nikiona haya peke yangu, na bado sikukiachia.

Nilikwenda kumwona Kassim wodini alipoweza kukaa. Tangu siku ya gari nilikuwa sijaiona sauti ile ikitoka kwenye uso. Alikuwa mwembamba, mpole, na nilimwona ananiogopa. Tulizungumza habari za hoteli, za makuti yaliyomalizwa na watu wengine. Kisha akauliza, akiangalia shuka lake, "Siku ile, ni wewe uliyekuwa unasema nami?" Nikamwambia kwenye gari tulizungumza kuhusu mvua. Akatikisa kichwa. "Si mvua. Baadaye. Nilikuwa natembea mikokoni, maji yametoka, matope yamenifika magotini. Mbele kulikuwa na watu wamenipa mgongo, na mimi ninawafuata, sijui kwa nini. Nikasikia mwanamke ananiambia, ganda. Ganda hapo. Nikaganda. Wao wakaendelea, mimi nikabaki." Nikamwuliza, "Watu gani?" Akasema hakuwaona nyuso, ila mmoja alikuwa amevaa kikoi cha marehemu baba yake. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote neno nililokuwa nikilisema moyoni, na sikumwambia hata yeye. Nimeishi nalo tangu hapo. Pengine alimsikia daktari. Daktari alilisema neno hilo, nami nililisikia. Hivyo ndivyo ninavyojijibu, na siku nyingine jibu hilo linanitosha.

Masika yalipokolea nilipata homa. Nililala asubuhi ile bila kumwambia mtu, nikimngoja Bi Nuru amalize kukaanga ili nimwombe maji, nikasikia mlango wa nje na sauti ya Bi Mejumaa ikisema, hata salamu hakutoa, "Yuko kitandani, siyo?" Bi Nuru akamwuliza amejuaje. "Kassim anatetemeka tangu alfajiri. Mkusanyeni huyu, twende." Tulitibiwa malaria siku moja, yeye na mimi, tukakaa benchi moja tumejifunika khanga mbili za mama mmoja, meno yanagongana kwa pamoja, na nakumbuka nilijaribu kuyazuia yangu nione kama yake yatanyamaza. Hayakunyamaza. Katikati ya mwaka, nilipokuwa nimepona kabisa, nilikwenda kwa Daktari Mueni nikamwambia yote. Hakunicheka. Alinieleza kwamba mbu wa mvua hawachagui. Alisema vile vya kugandisha nilivyompa Kassim havikukaa mwilini mwake ila siku chache, kisha ini lake likajitengenezea vyake. Na chembe nyekundu nazo hufa zote baada ya miezi michache. "Saa hii ndani yake hakuna kitu chako. Hata kidogo. Enda umwambie mama." Nilitoka mle nikiwa mwepesi. Nilimkuta Bi Mejumaa kwangu, sinia tayari, nikamweleza kila neno, tena kwa furaha, nikidhani nampa zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa umekauka. "Yako yote imekwisha?" aliuliza. Nikamwambia imekwisha, mama. Akatazama mlango, kana kwamba mtu amesimama pale, akasema, "Basi sasa anaishi kwa nini?"

Tangu siku hiyo hakutaka nitoke machoni pake. Alikuja na shauri kwamba nihamie Gazi, Kassim anioe, tulale nyumba moja, mambo yaishe. Alilisema barazani, mbele ya karai, na Bi Nuru akageuka na mwiko mkononi. "We Mejumaa, si wewe unayesema damu yao ni moja? Leo wataka kuozesha ndugu?" Nilimwona Bi Mejumaa akipiga hesabu ile mara mbili tatu, akiitafuta njia, na haikuwapo. Bi Nuru akaongeza, kwa sauti ya chini sasa, "Dada, mwanao amepona. Mwache apone." Yule mama akajifunika uso kwa ncha ya buibui akalia bila sauti, na hapo nilimwonea huruma kuliko nilivyomwogopa, jambo ambalo halikunisaidia, kwa kuwa ningeweza kumkimbia niliyemwogopa.

Mwishoni mwa mwaka nilipata nafasi ya kusomea kazi ya hoteli Nairobi. Nilikwenda Gazi mwenyewe kumuaga. Aliniketisha kwenye chumba kile kile ambamo juzi tulikaa matanga yake, akanipa uji wa mtama, na nilipomwambia nilikuwa nimejitayarisha kwa makelele. Hayakuja. Aliniuliza naondoka siku gani. Nikamwambia. Akauliza navuka Likoni saa ngapi, nikamwambia asubuhi, saa nne hivi. Akaitika, akanifunga tende kwenye karatasi, akanitakia safari ya heri. Kassim hakuwapo. Siku yenyewe nilisimama kwenye feri nimeshika chuma kwa mikono miwili. Nilikuwa nangoja kitu, mvuto fulani, uzi ukikatika. Feri ikagusa ng'ambo, watu wakanisukuma, nikapanda mlima na mzigo wangu. Sikuhisi lolote, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu nilidhani huenda ndivyo inavyokuwa kwa upande wa anayeondoka. Miezi ilipita kabla sijakutana na Charo mjini akanipa habari za nyumbani, na kati yake akataja, bila uzito wowote, kwamba yule fundi aliyeanguka siku hizi anasuka madema ya samaki kwao.

Juzi, baada ya wageni kupungua, Kassim alinisindikiza hadi barabarani. Tulitembea polepole kwa ajili ya mguu wake. Nilimwuliza kitu ambacho sikuthubutu kumwuliza mtu yeyote miaka yote hiyo: siku niliyovuka, mama alifanya nini?

"Aliniogesha," akasema. "Asubuhi na mapema, kama anavyooshwa maiti, upande wa kulia kwanza. Nilikuwa mtu mzima, dada Tumu, lakini sikuweza kumkatalia. Akanivalisha kanzu mpya. Akafukiza udi, akafunga dirisha, akatandika mkeka kuelekea kibla, akaniambia nilale. Kisha akaketi akanishika nyayo, kwa sababu wanasema baridi huanzia miguuni. Akawa anasoma Yasini, na akifika mwisho anaanza tena. Saa nne ikapita. Mimi nilikuwa navuta pumzi kidogo kidogo, naziwekea akiba."

"Uliamini?"

"Nilikuwa nimelala pale nimefumba macho, mama yangu ananisomea. Ungeamini nini?" Gari lilipita, tukangoja vumbi litue. "Adhuhuri ikaadhiniwa. Hakuniachia miguu. Ikaja alasiri. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini anasoma. Nilifumbua jicho moja nikamwona amezeeka, siku moja tu ile. Nilitaka kumwambia kitu cha kumtuliza, kitu kikubwa, sikukipata. Mwishowe nikamwambia, 'Mama, nina njaa.'"

Alicheka, machozi yanamshuka, bila kujipangusa.

"Aliniachia miguu. Akaenda kuwasha moto."